Karavani Haitulizwi kwa Usukani

Tangu tarehe 16 Desemba 2021, dereva yeyote wa England, Scotland au Wales mwenye leseni ya kawaida ya gari dogo anaruhusiwa kukokota tela la hadi kilo 3,500 bila mtihani wa ziada. Kabla ya hapo, waliopata leseni kuanzia mwaka 1997 na wakataka kukokota mzigo mkubwa walilazimika kurudi kwa mkufunzi, wakajifunza kuunga tela, kuliachanisha na kulirudisha kinyumenyume, kisha wakapimwa. Mtihani ule umefutwa. Leo familia inaweza kununua karavani Jumamosi asubuhi, na kufika mchana tayari inaikokota kwenye M5 kwenda Devon na Cornwall katikati ya malori na mabasi, bila mtu yeyote kuwaeleza ni kitu gani kinachoifanya karavani itulie na kitu gani kinachoifanya ipige mkia.

Na hilo linahitaji kuelezwa, kwa sababu wengi wana imani isiyo sahihi. Wanaamini kwamba karavani ikianza kucheza barabarani, dereva mzuri ataituliza kwa usukani. Ukweli ni kwamba ikishaanza kucheza kwa nguvu, usukani una kazi ndogo sana. Utulivu wa karavani huamuliwa nyumbani, wakati wa kupakia: nini kimewekwa wapi, tufe la kuungia nyuma ya gari limebebeshwa kilo ngapi, matairi yana upepo kiasi gani. Barabarani dereva amebakiwa na uamuzi mmoja mkubwa, nao ni mwendo.

Karavani ni sanduku refu na pana, lililoshikiliwa kwa nukta moja tu, yaani tufe la chuma lililofungwa nyuma ya gari. Upepo wa kando, mfereji uliochimbwa na matairi ya malori, au hewa inayosukumwa na basi linalopita, kila kimoja kinatosha kuutoa mkia wake kwenye mstari. Matairi yanaurudisha, lakini yanaupitisha kidogo upande wa pili, kisha unarudi tena. Katika mwendo wa taratibu kila yumbo huwa dogo kuliko lililotangulia, na baada ya mawili au matatu kila kitu kimetulia. Mwendo unapoongezeka mayumbo huchukua muda mrefu zaidi kufa. Kisha kuna mwendo ambao hayafi kabisa. Ukiupita huo, kila yumbo linakuwa kubwa kuliko la kabla yake, hadi mkia unaanza kuliendesha gari badala ya gari kuukokota mkia.

Mwendo huo hatari haukuandikwa popote. Karavani mbili zilizotoka kiwanda kimoja siku moja zinaweza kutofautiana kabisa: moja ikawa imara hata ikipita kasi inayoruhusiwa na sheria, nyingine ikaanza kuyumba kabla haijaifikia, na tofauti yao ikawa ni jinsi zilivyopakiwa tu. Ubaya mwingine ni kwamba chini ya mwendo huo hakuna dalili kubwa. Dereva anaweza kusafiri saa mbili kwa kilomita 90 kwa saa huku akisikiliza muziki, akaamini kwamba yote yako sawa. Anafika kwenye mteremko, kama ule wa Haldon kwenye A38 karibu na Exeter, karavani inaanza kulisukuma gari, mshale unapanda hadi 105, na hapo ndipo linapotokea jambo ambalo hajawahi kuliona.

Chuo Kikuu cha Bath kilifanya kazi nzuri juu ya suala hili. Jos Darling na wenzake walitumia tela la majaribio ambalo karibu kila kitu chake kiliweza kubadilishwa: uzito, urefu, mahali pa ekseli, mzigo unaokaa juu ya tufe. Wakalikokota kwa kasi, wakalisukuma makusudi, wakapima lilivyotulia au lilivyokataa kutulia. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2009, na yanamshangaza kila anayeyasikia mara ya kwanza. Uzito wa tela peke yake haukubadilisha sana utulivu wake kwenye kasi kubwa. Vitu vilivyotawala ni vitatu: jinsi uzito ulivyotawanywa kwa urefu wa tela, kiasi kilichokaa juu ya tufe, na umbali wa ekseli kutoka kwenye tufe.

Ekseli iliwekwa na kiwanda, mwenye karavani haigusi. Mambo mawili mengine yako mikononi mwake kila asubuhi ya safari.

La kwanza, yaani jinsi uzito unavyotawanywa, ndilo linalosahauliwa zaidi. Mtu aliyebeba maji kwa mzega, ndoo moja kila ncha, anajua kwamba kugeuka si shida kubwa. Shida ni kusimama baada ya kuanza kugeuka, kwa sababu ndoo zinaendelea na safari yake. Karavani iliyojazwa vitu mbele kabisa na nyuma kabisa ni hivyo hivyo. Na hesabu yake ni kali: athari ya kitu hukua kwa mraba wa umbali wake kutoka kwenye ekseli. Sanduku la vinywaji la kilo 20 likiwekwa sakafuni nusu mita kutoka kwenye ekseli lina athari fulani. Likisogezwa hadi mita mbili na nusu, ambako ndiko mara nyingi kuna kabati la nyuma au choo, umbali umeongezeka mara tano, lakini athari yake katika kuyumba imeongezeka mara 25. Sanduku ni lile lile, na uzito kwenye mizani haujabadilika hata gramu moja.

Baiskeli ndizo zinazostahili onyo kubwa kuliko yote. Kichanja cha baiskeli kinachofungwa kwenye ukuta wa nyuma wa karavani ni maarufu na kinauzwa kila mahali. Tuseme baiskeli mbili za kawaida pamoja na kichanja zina kilo 35, zikining'inia mita tatu nyuma ya ekseli, na kutoka kwenye ekseli hadi kwenye tufe ni mita nne. Kwanza, mzigo huo unanyanyua pua ya karavani kama mchezo wa watoto wa ubao wa kupanda na kushuka, na kuondoa kilo 26 juu ya tufe. Karavani iliyokuwa na kilo 75 za pua sasa ina 49. Pili, kwa sababu ya ule mraba wa umbali, baiskeli hizo zinachangia kuyumba mara 36 zaidi kuliko kama zingelazwa sakafuni nusu mita kutoka kwenye ekseli. Zikiwa baiskeli za umeme, ambazo moja hufika kilo 25, mambo yanakaribia kuwa maradufu. Anayezipenda baiskeli zake azifunge juu ya paa la gari kama gari linaruhusu, au azilaze ndani ya karavani juu ya ekseli zikiwa zimefungwa vizuri. Ukuta wa nyuma uachwe wazi.

Kwa hiyo vitu vizito hukaa chini sakafuni, karibu na ekseli: makopo ya chakula, jiko la mkaa, zana, hema la kuongezea baraza lenye nguzo zake. Vya uzito wa kati huwekwa kwenye makabati ya chini. Makabati ya juu yabaki na nguo, taulo na mifuko ya kulalia. Matangi ya maji yasafiri matupu, maana lita 40 ni kilo 40 zinazobingirika huku na huko. Kilicho kizito sana kinapata nafasi bora zaidi ndani ya gari lenyewe, mradi gari na ekseli yake ya nyuma havijapitishwa kiwango chake.

Jambo la pili ni uzito wa pua, yaani kilo zinazokaa juu ya tufe. Nchini Uingereza ushauri uliozoeleka ni asilimia 5 hadi 7 ya uzito halisi wa karavani iliyopakiwa. Karavani ya kilo 1,275 inataka kati ya kilo 64 na 89. Zikipungua, mkia unakuwa mwepesi kucheza. Zikizidi kiwango, nyuma ya gari inainama, magurudumu ya mbele yanapoteza mshiko, na taa zinawamulika ndege. Kuna viwango vitatu vinavyotakiwa kuheshimiwa, cha gari, cha tufe na cha karavani, na kinachotawala ni kile kidogo kuliko vyote. Magari mengi madogo huishia kati ya kilo 75 na 100.

Kuupima hakuhitaji fundi. Karavani husimamishwa mahali tambarare, ikiwa imepakiwa kama itakavyosafiri, magurudumu yake yakiwa yamewekewa vizuizi mbele na nyuma. Mizani ya kawaida ya bafuni inawekwa chini ya kichwa cha kuungia, juu yake kipande cha ubao, na juu ya ubao gogo fupi lililokatwa ili kichwa kikae kwenye kimo kile kile kitakachokuwa kwenye tufe. Kigurudumu kidogo cha mbele kinapandishwa taratibu mpaka uzito wote unahamia kwenye gogo. Namba inayosomeka ndiyo uzito wa pua. Mtu akihamisha sanduku moja kutoka mbele ya ekseli kwenda nyuma yake, ataiona namba ikishuka palepale, na atakuwa amejifunza kitu ambacho maelezo ya kurasa kumi hayawezi kumfundisha.

Hapa kuna mtego unaowanasa hata wazoefu. Pua imezidi kwa sababu sanduku la mbele lina mitungi miwili ya gesi, basi mtu anachukua kreti nzito na kuiweka kwenye choo cha nyuma ili mizani isome vizuri. Mizani inasoma vizuri kweli. Lakini ametengeneza mzega: uzito mbele kabisa, uzito nyuma kabisa, katikati kutupu. Dawa yake ni kupunguza mbele. Mtungi mmoja wa gesi unatosha safari nyingi, na kinachobaki kinasogezwa karibu na ekseli.

Msomaji mwenye ndugu Texas au Toronto atasikia namba tofauti kabisa. Amerika Kaskazini hushauriwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela ikae juu ya tufe. Huko gari la kukokota mara nyingi ni pikapu kubwa yenye fremu ya chuma, na tela zito hufungwa vyuma maalumu vinavyosambaza uzito kwenye ekseli zote. Magari ya Ulaya na matufe yake hayakutengenezwa kubeba pua nzito kiasi hicho. Video nyingi nzuri za mafunzo zimetoka Marekani, na mtu anayezifuata neno kwa neno akiwa na gari dogo la familia huko Leicester atavuka kiwango cha gari lake siku ya kwanza.

Turudi kwenye uzito wa jumla, kwa sababu utafiti wa Bath haumruhusu mtu kukokota chochote apendacho. Uzito hausemi sana kama karavani itaanza kuyumba, ila unasema nani atashinda ikishaanza. Ndiyo maana mashirika ya wenye karavani nchini Uingereza humshauri anayeanza akae ndani ya asilimia 85 ya uzito wa gari tupu lililo tayari kwa safari, na hata mzoefu asivuke asilimia 100. Gari la kilo 1,500 linaelewana na karavani ya kilo 1,275. Ushauri huo si sheria, lakini ni ushauri wa kuzingatiwa. Na namba inayohesabiwa ni ya karavani ikiwa imepakiwa. Karavani nyingi zina nafasi ndogo ya mizigo, pengine kilo 150 tu. Betri, hema la baraza, mtungi wa gesi na mota ya kuisogeza karavani uwanjani vinaweza kumaliza zaidi ya nusu kabla sahani moja haijaingia. Njia ya uhakika ni kuipeleka kwenye mizani ya magari, kama ile wanayoipitia madereva wa malori Mlolongo, Kenya, au Vigwaza, Tanzania. Uingereza zipo za umma, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na amani inayopatikana.

Matairi ya karavani huzeeka kabla ya kuisha. Karavani husimama miezi mingi bila kusogea, upande mmoja ukipigwa jua, na kashata za tairi hubaki nzuri huku mpira wenyewe ukipasuka ndani. Kila tairi limeandikwa ubavuni tarakimu nne za tarehe: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ushauri uliozoeleka ni kuyabadilisha yakifika miaka mitano hadi saba, hata kama yanaonekana mapya. Upepo hupimwa yakiwa baridi, asubuhi kabla ya kuondoka, na huwa juu kuliko wa matairi ya gari. Kiwango chake kiko kwenye bamba la karavani, kwa kawaida karibu na mlango. Matairi ya nyuma ya gari nayo yanajazwa hadi kiwango cha mzigo kamili kilichoandikwa kwenye mlango wa dereva. Tairi laini la nyuma linapinda ubavuni kila mkia unaposukuma, na kule kupinda kunaiba utulivu.

Vifaa vya kutuliza mkia vipo, na vinafaa. Karavani nyingi za Ulaya za miaka ya karibuni zina kichwa cha kuungia chenye vipande vya msuguano vinavyolibana tufe, kama cha kampuni ya AL-KO. Vinafanya kazi kwa kukwaruzana na chuma kikavu. Kwa hiyo tufe linatakiwa liwe safi kabisa, bila grisi, na likiwa jipya rangi yake inaondolewa kwa msasa mpaka chuma king'ae. Dereva aliyezoea kupaka tufe grisi kwa ajili ya tela la kawaida lazima aliache zoea hilo, maana grisi inakiua kifaa na kuharibu vipande vyake. Kuna pia mfumo wa kielektroniki unaokaa kwenye ekseli ya karavani, unaohisi mayumbo na kuvuta breki za karavani yenyewe bila dereva kufanya lolote. Magari mengi mapya nayo yana mfumo wa aina hiyo ndani ya kompyuta yake: hupunguza nguvu ya injini na kubana gurudumu mojamoja ili kuua mayumbo. Lakini gari haliwezi kufanya hivyo kama halijui kwamba linakokota. Nyaya za taa zilizounganishwa kwa njia ya mkato huwasha taa vizuri, huku kompyuta ikiamini nyuma hakuna kitu. Fundi anayefunga tufe aulizwe swali hilo kabla ya kulipwa.

Hakuna kifaa hata kimoja kati ya hivyo kinachorekebisha upakiaji mbaya. Kinachofanya ni kusogeza mwendo hatari mbele kidogo, na mtu aliyepakia vibaya ataukuta huko huko mbele, akiwa na kasi kubwa zaidi.

Barabarani sasa. Sheria ya Uingereza inairuhusu karavani maili 60 kwa saa, sawa na kilomita 96, kwenye barabara kuu za njia mbili zilizotenganishwa, na maili 50, yaani kilomita 80, kwenye barabara za kawaida. Kwenye barabara kuu yenye njia tatu au zaidi hairuhusiwi kuingia njia ya kulia kabisa. Hakuna abiria anayekaa ndani ya karavani ikiwa inakokotwa, hata mtoto aliyelala. Karavani ikiwa pana kuliko gari, vioo vya kuongezea pembeni ni lazima, na vina faida nyingine kubwa: humo ndimo dereva anapouona mkia wake.

Kila lori linalopita ni kipimo cha bure. Dereva atazame kiooni na kuhesabu. Mkia ukiyumba mara moja au mbili na kutulia, safari ni salama kwa mwendo huo. Ukiyumba mara tatu, nne, ukichelewa kutulia, karavani imetoa taarifa kwamba nafasi iliyobaki ni ndogo. Mwendo unapunguzwa palepale kwa kilomita 10, na kwenye kituo kinachofuata mlango unafunguliwa na mizigo inapangwa upya. Watu wengi wameipata dalili hii wakaizoea, wakaiita tabia ya karavani yao. Siku ya upepo, dalili hiyo waliyoizoea inaweza kuwa ajali.

Kuyapita malori kunahitaji fikra. Malori ya Uingereza yamefungwa kifaa kinachoyazuia yasizidi kilomita 90 kwa saa, kwa hiyo karavani ya 96 inalipita lori kwa tofauti ya kilomita sita tu. Ukihesabu urefu wa lori, urefu wa gari na karavani, na nafasi ya kutoka na kurudi, ni zaidi ya nusu dakika ndani ya hewa iliyovurugwa, ikivutwa kuelekea lori na kusukumwa mbali nalo. Mara nyingi kubaki nyuma ya lori kwa umbali mzuri kunamchelewesha mtu dakika chache kwa siku nzima. Anayepitwa na basi au gari kubwa la mizigo asogee upande wa kushoto wa njia yake, aongeze nafasi, na ashike usukani kwa utulivu bila kujibu kila msukumo.

Madaraja na milima mirefu hutangaza upepo kabla. Daraja la zamani la Severn, lililofunguliwa mwaka 1966, liko wazi kwa upepo na hufungwa ukizidi. Lile la pili la mwaka 1996, sasa Prince of Wales Bridge, lina kuta za kukinga upepo, na mwenye karavani anayekwenda Wales ana sababu nzuri ya kulichagua. M6 inapopanda Shap, zaidi ya mita 300 juu ya usawa wa bahari, upepo unaweza kumkuta mtu aliyekuwa na utulivu mtupu bondeni. Mteremko unaingiwa polepole, gia ikiwa imeshashushwa kabla ya kuanza kushuka.

Na ikianza kupiga mkia kweli? Dereva anaachia mafuta. Anashika usukani ukiwa umenyooka, mikono imara, bila kuufukuza mkia kushoto na kulia, kwa sababu mikono ya binadamu huchelewa, na marekebisho yaliyochelewa huongeza yumbo badala ya kuliua. Hakanyagi breki kwa nguvu: uzito utarukia mbele, karavani italisukuma gari kwa nyuma, magurudumu ya nyuma ya gari yatapoteza mshiko na vyote viwili vitajikunja. Hivyo ndivyo pia inavyoelekeza Highway Code, kitabu cha kanuni za barabarani cha huko. Wala haongezi mafuta ili kuivuta inyooke, ushauri wa kale ambao bado unatolewa kwa nia njema. Kuongeza mwendo ni kuongeza chanzo chenyewe. Nishati inayokimbia barabarani hukua kwa mraba wa mwendo. Kutoka kilomita 80 hadi 96 kwa saa tu imeongezeka kwa asilimia 44. Mwendo ukishuka chini ya ule mwendo hatari, mayumbo hufa yenyewe. Kule ambako tela lina breki za umeme zenye kitufe cha mkono karibu na dereva, kama Marekani, kuzibana breki za tela peke yake ndiyo njia bora, kwa kuwa zinauvuta mkia urudi nyuma.

Ujerumani imeyageuza mambo haya kuwa sheria. Kasi ya kawaida ya gari lenye karavani ni kilomita 80 kwa saa, lakini kwenye barabara kuu inaruhusiwa 100 kwa aliyetimiza masharti: gari lenye breki za ABS, matairi ya karavani yasiyozidi miaka sita, shokomzoba kwenye ekseli, na uwiano wa uzito wa karavani kwa uzito wa gari usiozidi 0.8, au 1.0 kama kuna kifaa cha kutuliza mkia. Aliyetimiza hupewa kibandiko cha 100 nyuma ya karavani. Mwenye karavani wa nchi yoyote anaweza kuyachukua masharti hayo kama orodha yake ya ukaguzi.

Afrika Mashariki karavani ni chache, ila matela yapo: ya boti, ya jenereta, ya mizigo ya safari nyuma ya Land Cruiser. Mengi huchomelewa kwenye gereji za mitaani, bila breki, na mara nyingi ekseli huwekwa katikati kabisa ya bodi kwa sababu ndivyo linavyopendeza machoni. Tela hilo likipakiwa sawasawa, juu ya tufe hakuna uzito wa maana, na likiongezewa debe moja nyuma, pua inanyanyuka. Anayechongesha tela amwambie fundi airudishe ekseli nyuma ya katikati, karibu sehemu sita kati ya kumi za sakafu zikae mbele yake, kisha apime pua kwa mizani ya bafuni kabla ya kulipaka rangi. Tela lisilo na breki na lililobeba boti lisipelekwe kwa mwendo ambao gari tupu lingeuweza.

Jambo moja la mwisho, dogo na la haraka. Magurudumu ya karavani yana sifa mbaya ya kulegea baada ya kufungwa upya. Nati hukazwa kwa spana ya torki, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha karavani, na baada ya kilomita 50 za kwanza dereva husimama pembeni mahali salama, akatoa spana ile ile na kuzipima tena moja baada ya nyingine.